Chini ya Bawa

Jumanne asubuhi Osla Jamieson alikuwa akianika mashuka, vibanio mdomoni, albatrosi alipotua nyuma ya nyumba yake, kisiwani kwao Shetland, kaskazini ya Uskoti. Ndege mkubwa wa bahari za kusini, kapotea njia. Ilipofika saa nne, wapenzi wa ndege thelathini walikuwa wamejipanga na darubini zao. Wengine walisema ni wa aina ya nyusi-nyeusi, wengine pua-njano. Jibu lilikuwa chini ya bawa, na ndege hakufungua bawa.

Osla hakuwa na haja na bawa. Alikuwa akimtafuta Merran, mwanawe wa miaka sita.

"Jamani, hamjamwona mtoto? Ana koti jekundu."

"Inama kidogo, mama, unatuziba."

"Kapita hapa," akasema mwingine, jicho kwenye darubini. "Kaelekea ukingoni."

"Na hamkumwita?"

"Ukipiga kelele ndege anaruka. Hatufanyi hivyo sisi."

Huko ukingoni mwa jabali uzio ulianguka miaka mitatu iliyopita, na aliyetakiwa kuusimamisha hajaja. Osla alikimbia. Chini kabisa, kwenye mawe, aliona buti dogo la mpira. Moja.

Alirudi mbio kuomba msaada. Ndipo albatrosi akanyanyua bawa la kushoto, na Merran akatoka chini yake, nywele kavu, mguu mmoja peku. Ndege hakuwa ameondoka pale hata hatua moja. Watu thelathini ni mashahidi.

"Sasa huyu mtoto katuziba bawa," mzee mmoja akanung'unika.

Osla alimkumbatia Merran, akamvua buti lililobaki, akamhesabu vidole vya miguu, akavihesabu tena. Kumi. Akampeleka ndani kunywa supu ya kondoo.

"Kulikuwaje humo?"

"Kuna joto. Ila ananuka samaki, mama."

Ndege akaruka zake. Baada ya mwezi ikaja barua ya kamati ya wapenzi wa ndege, kuuliza kama mtoto aliona rangi ya chini ya bawa, maana picha zao hazikutosha. Walituma moja. Mdomo wa ndege umezungushiwa duara kwa kalamu. Nyuma ya ndege, nje ya duara, kuna koti jekundu, hatua tatu kutoka ukingoni.

Osla aliibandika jikoni. Merran ana mabuti mapya. Uzio bado umelala kwenye nyasi, na kila akitua ndege mgeni watu hujipanga palepale, kimya. Osla huenda kusimama mbele yao, kati ya darubini na ukingo. Wanamwomba ainame. Hainami.