Picha za Jiko la Wodi

Wenzake kazini walimwita Pua, kwa kuwa mkaguzi huyu wa afya alijua nyama iliyovunda kabla hajavuka kizingiti. Siku aliyoingia jiko la hospitali, pua hiyo alitamani aivue aitie mfukoni. Bomba la choo cha ghorofa ya juu lilikuwa limepasuka, likidondokea kwenye sufuria ya mchuzi isiyo na mfuniko. Mpishi mkuu alikuwa ameisogeza sufuria kidogo, akaona kazi imekwisha. Ndani ya gunia la unga panya alikuwa amezaa. Pua alipiga picha zake, akatoka nje, akatapika.

Na katika hospitali hiyo hiyo alilazwa mama yake, aliyepasuliwa tumbo. Kumhamisha haikuwezekana, na chakula cha nyumbani kilikuwa marufuku. Mdogo wake wa kiume alijaribu kupitisha chupa ya uji, walinzi wakaimwaga palepale getini. Ilibaki njia moja tu, jiko lifungwe. Lakini jiko halifungwi bila saini ya Mkurugenzi wa Afya, na Mkurugenzi hasaini mpaka aone kwa macho yake.

Pua alizituma picha kwa barua pepe. Jibu likaja: "Viambatisho havifunguki. Tuma upya."

Haya. Akadhani ni vizito mno, akapunguza ukubwa. Havifunguki. Akadhani simu yake huhifadhi picha kwa aina ambayo kompyuta kuukuu haziijui, akabadilisha aina. Havifunguki! Akajitumia mwenyewe, akafungulia kwenye kompyuta ya jirani yake ofisini. Zikajitokeza wazi, panya na wanawe, hata jirani akasukuma kikombe chake cha chai kando. Kwa Mkurugenzi ikawa wimbo ule ule.

Mdogo wake akapiga simu. "Dada, mama anakataa chakula. Anasema mchuzi unanuka. Muuguzi anasema asipokula dawa zitamuumiza. Nimlazimishe?"

"Usimlazimishe. Mpe maji."

Hakumwambia alichokiona. Angemwambiaje, na yeye ndiye anayemaliza mabaki ya sahani ile?

Kesho yake hakutuma tena, alikwenda mwenyewe. Nje ya chumba cha Mkurugenzi aliketi katibu wake, bibi wa makamo waliyemwita Mama Muhuri, maana hakuna kilichopita mezani pake bila kugongwa.

"Karibu, mwanangu! Kazi yako nimeihangaikia, acha tu. Tazama."

Akamsukumia bunda la karatasi lililomfika kidevuni. Kila ukurasa ulijaa takataka, herufi zisizosomeka, vijimstari, vijisanduku vitupu. Na kila ukurasa uligongwa muhuri: IMEPOKELEWA.

"Mama, hii ni nini?"

"Si picha zako hizo? Ndivyo zinavyotufikia. Nimechapa zote mpaka wino umeniishia. Mkurugenzi kasoma kurasa mbili tatu, kasema hazieleweki."

Kasoma! Mtu mzima, na suti yake, kasoma panya kwa herufi. Pua aliomba akae kwenye kompyuta ya katibu kabla hajasema neno la kujutia. Akabofya picha moja kwa kitufe cha kulia, akatazama inafunguliwa kwa programu gani. Ilikuwa programu ya kuandikia barua, na chini yake pamewekwa alama ya vema: fungua kwa hii daima.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi, mwanangu. Shemeji zake Mkurugenzi walikuwa wanamtumia maua na watoto wachanga kila asubuhi, akachukia, akasema hataki tena kuona picha. Nikaweka hivyo kwangu na kwake. Tangu hapo raha tupu."

"Na ripoti za wakaguzi wengine?"

"Zote zinakuja hivyo hivyo. Nagonga, naweka kabatini."

Zote. Machinjio, visima, majiko ya shule. Pua akasukuma kiti nyuma, akasimama.

Aliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Mkubwa alikuwa anachokonoa meno. Pua akamwamkia kwa heshima zote, akaweka mezani karatasi ya kufunga jiko, akaizungukia kompyuta, akachagua programu ya picha, akafungua. Sufuria na bomba vikajaa kioo kizima.

"Toa! Toa uchafu huo, nimetoka kula sasa hivi!"

"Saini kwanza, Mheshimiwa."

"Nitasaini kesho!"

Pua akabofya iliyofuata, gunia la unga. Mkurugenzi akaziba mdomo kwa leso, akaivuta karatasi, akasaini bila kusoma, akaisukuma kwa ncha ya kidole. Hakuuliza jiko lile linalisha wagonjwa wangapi. Alichotaka kiondoke ni picha tu.

"Mama Muhuri!" aliita. "Njoo unirudishie mashine yangu ilivyokuwa!"

Pua hakugeuka. Alishuka ngazi mbiombio, karatasi mkononi, simu sikioni.

"Sikiliza, mama asile kitu. Nakuja kulifunga hilo jiko."

Upande wa pili mdogo wake alikuwa anacheka kwa furaha.

"Dada, Mungu mkubwa! Leo mama kaketi mwenyewe, kamaliza sahani nzima. Hapa niko kwenye foleni ya jikoni, kanituma nimchukulie ya pili."