Kitambaa cha Mikono Mitatu

Mkasi si jina alilozaliwa nalo. Alipewa na baba yake siku alipolikata pazia la sebuleni, akiwa na miaka minne, akatoa mikanda kumi na mmoja na kuisuka mkia. Mzazi mwingine angemchapa. Baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga vitabu, aliuokota ule mkia, akaugeuzageuza, akasema mtoto anakata vizuri ila hajui pa kuishia. Jina likamganda mpaka ukubwani, mpaka akawa fundi mwenye cherehani yake dirishani na wateja wa kutosha kumkosesha usingizi wa mchana.

Ilikuwa nyumba ya karatasi na vitambaa. Mzee alikuwa akirudi kutoka kazini na mabaki ya karatasi kwapani, akawakunjia wanawe maua, ndege na visanduku vyenye mifuniko. Hakutumia rula. Kucha ya gumba lake la kulia ilikuwa imekuwa bapa kwa kupigia mikunjo miaka arobaini. "Mkunjo usiopigwa kucha ni ahadi ya mlevi," alikuwa akisema, na Mkasi na mdogo wake walicheka kila mara, ingawa hawakumjua mlevi yeyote aliyewahi kuwaahidi kitu.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimwachia ulimi wake na nusu ya upande wa kulia. Mguu uliburutika, lakini kiganja kilifunguka, taratibu, kama mlango wenye bawaba zenye kutu. Daktari hakuzunguka mbuyu: hiki kinaweza kurudi, na kikirudi hakitakuwa na adabu. Shangazi, dada mkubwa wa mzee aliyemlea tangu walipobaki yatima, akahamia kwao na begi moja na macho yake yaliyokuwa yakisubiri kutolewa mtoto wa jicho.

Mdogo wake Mkasi alikuwa ameolewa ng'ambo na mimba yake ya kwanza ilikuwa ya miezi minane. Yeye hawezi kupanda ndege kuja, mzee hawezi kwenda, na kila aliyekuwemo nyumbani alijua hesabu hiyo inaishia wapi. Ndiyo maana Mkasi akakata mita moja ya pamba nyeupe, akaipinda kingo kwa mkono, akanunua makopo matatu ya rangi ya vitambaa. Wote watatu wataweka viganja vyao, na mtoto atafunikwa navyo.

"Babu hawezi kumbeba," alimwambia shangazi, "basi amfunike."

Walifanya kazi hiyo Alhamisi mchana, kitambaa kimetandikwa juu ya meza ya kulia. Mkasi akaweka cha kwake kwa njano. Shangazi akaweka kwa kijani, huku akilalamika.

"Mkono huu umezoea sabuni. Leo mnaupaka rangi kama ukuta."

"Wifi zako wangekuona wangesema umeanza shule," mzee akamtania.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja."

Zamu yake ilipofika, Mkasi alimpaka buluu kwa brashi, kidole kimoja kimoja, na mzee alicheka kwa kutekenywa mpaka machozi yakamtoka. Akasaidiwa kukishusha kiganja. Kikalala pale kwa uzito wake wote. Mkasi alitaka kukiinua upesi ili rangi isitambae.

"Bado," mzee akasema.

"Itachafuka, baba."

"Bado, mwanangu."

Walipokiinua hatimaye, pale chini palikuwa na mkono mzima. Mistari ya kiganja ilionekana, kovu la kisu cha kukatia majalada lilionekana, na gumba lilikuwa bapa vilevile. Mkasi aliutazama akaona furaha iliyochanganyika na woga, kwa sababu alijua hicho ndicho kitakachobaki cha baba yake. Jioni ile mzee alimkunjia mjukuu kisanduku cha kuwekea kitambaa, kwa mkono wa kushoto, kona moja ikiwa imekwenda upande. Alikikataa mara mbili, mara ya tatu akakikubali.

Sasa, kopo la rangi lilikuwa na maelezo yake. Acha ikauke siku nzima. Piga pasi upande wa nyuma dakika tano. Ndipo unaweza kufua, kwani bila pasi rangi haishiki. Mkasi aliyasoma peke yake. Shangazi asingeweza kuyaona maandishi madogo namna ile, wala hakuna aliyemsomea.

Ijumaa jioni rangi ilikuwa imekauka na umeme ukakatika. Ilikuwepo pasi ya mkaa juu ya kabati, tusimfichie, na mkaa wenyewe ulikuwepo nusu gunia nyuma ya mlango. Lakini Mkasi alikuwa ameshona magauni sita siku ile na mgongo unamuuma. Akakitundika kitambaa kwenye mgongo wa kiti chumbani kwa mzee, akasema kesho nayo ni siku. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku zote tunadhani ni ya wenzetu.

Jumamosi asubuhi walisikia kishindo. Mzee alikuwa ameanguka kati ya kitanda na kiti, amejikojolea, mdomo umekwenda pembeni na jicho moja linamtafuta mwanawe bila kumpata. Mkasi aliita majirani. Fundi viatu wa nyumba ya pili alikuja mbio, bado ana gundi vidoleni. Mkasi akavuta shuka, akavuta na kilichokuwa karibu, akamfunga baba yake kiunoni wapate kumbeba. Alichokivuta hakukitazama. Nani angetazama?

Hospitalini muuguzi alimkabidhi furushi la nguo mbichi. Mlango alikoingizwa baba yake ulikuwa unajifunga, naye hakutaka kuuacha kwa macho. Akampa fundi viatu lile furushi.

"Mpelekee shangazi. Mwambie azifue zote."

Zote. Alilisema mara moja tu, tena bila kugeuka.

Alirudi nyumbani Jumatatu kuoga na kubadili nguo. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani, na kabla ya salamu kuisha Mkasi alijua pana jambo. Nyuma yake, kwenye kamba, kilining'inia kitambaa cheupe.

"Mwanangu," shangazi akaanza, "kile cha mikono nilisita. Nilikishika nikaisikia rangi kwa vidole. Nikamuuliza fundi, na hiki? Akaniambia, kasema zote. Nikasema basi, Mkasi ndiye mwenye kujua rangi zake."

"Ungekiacha, shangazi."

"Kilikuwa na mkojo wa baba yako. Ningekiacha vipi? Mtoto mchanga afunikwe na mkojo?"

Lilikuwa swali la haki. Mkasi alikitoa kitambaa kambani, akakiinua juani. Njano ilikuwa imebaki kama doa la chai. Kijani kilikuwa kivuli. Buluu, ambayo ilikuwa nzito kuliko zote na kwa hiyo haikukauka vizuri ndani, ilikuwa imekwenda yote. Alikigeuza, akakisogeza karibu na macho, akapitisha kidole pale ambapo gumba lilikuwa. Pamba safi. Shangazi alikuwa ameifua kwa moyo wake wote.

Alitafuta wa kumkasirikia. Fundi viatu alifikisha alichotumwa. Shangazi aliuliza kabla ya kufanya. Umeme hauna uso wa kutazamana nao. Kila alipogeuka njia ilimrudisha kwenye pasi ya mkaa juu ya kabati na mgongo uliokuwa ukimuuma. Waliosema majuto ni mjukuu hawakujua kwamba nyumba hii ilikuwa na mjukuu kweli njiani, na kwamba vitafika pamoja. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yameshamwagwa tangu Jumamosi mchana kwenye mfereji wa nyuma, yakiwa ya buluu, na shangazi mwenyewe alishangaa rangi ile kuchuja hivyo.

"Atarudi," shangazi akasema. "Akirudi ataweka tena. Mkono si upo?"

Mkasi aliingia ndani kuoga.

Mzee alirudishwa nyumbani baada ya siku tisa. Mkono ulikuwepo. Ulikuwa ngumi. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani na gumba limefichwa katikati, vimekaza kama fundo la kamba iliyolowa. Mtaalamu wa viungo alionyesha namna ya kuvinyoosha asubuhi na jioni, akasema baada ya miezi pengine vitalegea. Mkasi aliliona neno pengine likipita chumbani. Maneno ya mzee nayo yalikuwa yamekwisha isipokuwa moja. Ukimuuliza kama ana njaa, bado. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimsalimia, bado, na jicho lake linakuomba umwelewe.

Siku ya tatu Mkasi alikitandika kile kitambaa juu ya meza. Njano na kijani walikwisha kuziweka upya. Akamsogeza baba yake kwenye kiti, akafungua kopo la buluu.

"Tunarudia, baba. Nilikiharibu mimi."

Mzee akamtazama. "Bado."

Alianza na kidole cha shahada. Alikinyoosha, kikanyooka, akaenda cha pili, cha kwanza kikajikunja. Alivishika viwili kwa mkono mmoja na brashi kwa mwingine, na cha tatu kikamshinda. Shangazi akaja kushika. Mikono minne ya watu wazima ilikuwa juu ya mkono mmoja wa mgonjwa, na mgonjwa akaguna kwa maumivu. Wote wakauachia mara moja. Mkasi aliketi chini sakafuni na brashi yake. Mikono iliyomfundisha kazi ilikuwa hapo mbele yake, naye hakuweza kuifungua. Akalia mbele ya baba yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipolikata lile pazia.

Ngumi ile, ikiwa imepakwa buluu ubavuni tu, ilikosa wa kuishika, ikateleza ikatua juu ya kitambaa. Ikalala pale kwa uzito wake.

Shangazi ndiye aliyeiinua. Akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa meza, akakodoa macho yake mabovu.

"Mkasi. Huu unyayo wa mtoto umetoka wapi?"

Mkasi akasimama. Kweli. Ubavu wa ngumi ulikuwa umeacha unyayo mdogo, kisigino chake, kiuno chake katikati, wa kuume, bila vidole. Haukuwa na mstari wa kiganja, wala kovu, wala gumba bapa. Hakuna mtu duniani angeutazama akasema huyu ni mfunga vitabu fulani. Hakikuwa alichokitaka. Ndicho alichopewa.

Hakumtania shangazi, wala hakumweleza. Aliketi kando ya kitambaa siku nzima kukichunga kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Kesho yake umeme ulikuwepo, lakini hakuuamini. Aliteremsha pasi ya mkaa, akaipuliza mpaka ikawaka, akageuza kitambaa upande wa nyuma na kuanza. Kisanduku chenye kona iliyokwenda upande kilikuwa mezani, wazi, kinasubiri. Mzee alikuwa kitini pake, ngumi mapajani, anafuata pasi kwa jicho lake moja zima.

Dakika tano zikapita, akaongeza tano. Chumba kilianza kunuka pamba iliyopata moto.

"Itaungua sasa," shangazi akasema.

Mkasi akamtazama baba yake. "Imetosha, baba?"

"Bado," mzee akasema.

Mkasi akaurudisha mkono kwenye pasi, akaendelea.