Mguu wa Dikizeko

Mpiga drams anayejirusharusha huonekana hata na mlevi. Anayejizuia huonekana na wenzake tu, na wenzake nao huchoka. Dikizeko alilijua hilo kwa miaka ishirini na sita na halikumnyima usingizi, mpaka Ijumaa ile Rais wa bendi alipomleta Plamedi mazoezini.

Plamedi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, nywele zimepakwa rangi ya dhahabu, na mikono aliyoizoesha kanisani, huko wanakopiga mpaka waumini wanaanguka. Rais Mbuyamba alimwomba Dikizeko ampishe kijana "dakika mbili tu." Dikizeko akainuka. Akasimama kando ya ukuta wa ua wa mazoezi, mtaani Lemba, vijiti mkononi, kama mtu aliyeombwa kumshikia mwenzake mwavuli.

Kijana hakuacha ngoma wala toazi bila kuligusa. Alirusha kijiti juu, akakidaka nyuma ya mgongo, akaendelea bila kukosa pigo. Wapiga magitaa walicheka kwa raha. Mpiga besi, ambaye hajawahi kucheka mazoezini tangu aoe, naye alicheka.

"Umeona?" Rais akamgeukia Dikizeko. "Wewe unapiga kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe."

"Wimbo unahitaji nafasi, Rais."

"Nafasi haichezeki, Diki! Lini umemwona mtu anacheza nafasi?" Watu wakacheka tena. "Sikiliza. Jumapili mchana watu wa televisheni wanakuja pale nganda, kwenye baa yetu. Nataka mpiga drams anayeonekana. Ukionekana, kiti ni chako. Usipoonekana, mtoto huyu anakaa, na wewe unabaki rafiki yangu. Sina maneno mengine."

Katikati ya kicheko hicho, Ya Bolamba alikuwa ameketi juu ya spika iliyogusana na ngoma kubwa, akitabasamu kwa adabu. Alitabasamu kwa sababu wengine walikuwa wakicheka. Hakuwa amesikia neno.

Bendi nzima ilimwita Ya, kaka mkubwa, hata Rais mwenyewe, maana sauti yake ndiyo iliyoijenga bendi kabla Mbuyamba hajawa Rais wa chochote. Sasa alikuwa na miaka sitini na minane, na masikio yalikuwa yamemwacha mwaka wa nne huo. Sauti yake mwenyewe aliisikia ndani ya fuvu, na ilikuwa bado safi. Magitaa aliyasikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu. Kilichomponyoka ni mahali pa kuingia. Bendi ikichanganya, kwake vyote vilikuwa uji.

Dikizeko peke yake ndiye aliyejua, na wawili hao walikuwa wametafuta njia. Jukwaani Ya Bolamba alisimama hatua moja kutoka ngoma kubwa, juu ya mbao zile zile. Mguu wa Dikizeko ukikanyaga pedali, pigo lilipita kwenye mbao, likapanda kwenye nyayo za mzee. Kabla ya kila ubeti Dikizeko aliunyamazisha mguu kwa mapigo manne. Kisha akapiga moja, zito. Hapo mzee aliingia, na hakuwahi kukosea. Kwa ajili hiyo alivaa viatu vya soli ya ngozi iliyolika ikawa kama karatasi, na hapo ni Kinshasa, mji ambamo mtu humtazama mwenzake miguu kabla ya uso. Walimtania kwa ubahili. Akawaacha watanie.

"Siku mguu wako usiponifikia," alimwambia Dikizeko mwanzoni kabisa, "nitajua nimekwisha. Nitakwenda nyumbani mwenyewe, sitangoja kufukuzwa. Lakini usimwambie mtu."

Dikizeko alikula kiapo. Alikuwa na sababu. Ya Bolamba ndiye aliyemtoa bandarini alikokuwa akibeba magunia, akamkalisha kwenye kiti kile na kumfundisha kunyamaza. "Mkono wowote unaweza kupiga," alikuwa akimwambia. "Nionyeshe mkono unaoweza kungoja."

Jumamosi mkewe, Luzolo, alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, na kumsikiliza akizunguka zunguka. Luzolo alikuwa karani wa shule na hakupenda habari ndefu.

"Anataka urushe kijiti?"

"Anataka makelele."

"Unaweza?"

"Naweza. Nilikuwa naweza kabla huyo Plamedi hajazaliwa."

"Basi rusha kijiti, baba. Una miaka arobaini na tisa. Ukitoka pale utarudi kubeba magunia na mgongo huo?" Akaendelea kutwanga. "Mwenzako anatishiwa kazi analia njaa. Wewe unatishiwa kazi unalilia ukimya. Tangu lini?"

Dikizeko alifungua mdomo amweleze habari ya masikio, akaufunga. Kiapo ni kiapo. Akapanga lake kichwani. Nyimbo za vijana atazipiga kwa makelele yote, apasue hata ngozi za ngoma ikibidi. Wimbo mmoja wa Ya Bolamba ataupiga kama siku zote. Rais ataona ya kutosha. Ulikuwa mpango mzuri. Ungefaa kama kamera zingefika kwa wakati.

Zilichelewa. Jumapili nganda ilikuwa imejaa tangu saa nane, meza zimefunikwa chupa na mifupa ya samaki, na Dikizeko alirusha vijiti kwa nyimbo tatu mbele ya watu waliokuwa bado wanaagiza chakula. Watu wa televisheni waliingia na mashine zao wakati Ya Bolamba anapanda jukwaani kwa wimbo wake. Suti nyeupe, kitambaa mfukoni, viatu vile vile. Akaja kusimama mahali pake, hatua moja kutoka ngoma kubwa, akamkonyeza Dikizeko.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Dikizeko aliunyamazisha mguu, mapigo manne, akapiga moja. Mzee akaingia kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake mwenyewe. Meza za nyuma zilinyamaza.

Lakini kamera ilikuwa ikimpita Dikizeko kila ilipogeuka. Ilimpita kwenda kwa magitaa, ikampita kurudi. Rais aliliona hilo. Kando ya jukwaa Plamedi alikuwa amesimama na vijiti kwenye mfuko wa nyuma, na mwilini alikuwa na shati la bendi, lile la rangi ya machungwa, jipya, limepigwa pasi. Rais alimtazama Dikizeko machoni. Kisha akamtazama kijana na kuinua kidole kimoja: wimbo ujao.

Ubeti wa pili ulikuwa unakaribia. Dikizeko aliona nyayo za mzee zikitulia juu ya mbao, zikingoja.

Hakuunyamazisha mguu. Mikono iliondoka, ikashuka kwenye ngoma zote moja baada ya nyingine, matoazi yakalia, mguu nao ukakimbia chini yake bila kituo, na kijiti kikapanda juu, kikazunguka mara mbili, kikarudi kiganjani. Nganda ilipiga yowe. Kamera ilimrukia. Na kibaya zaidi, kitu ambacho hangeweza kumwambia Luzolo wala padri, ni kwamba mikono yake ilifurahi. Ilifurahi kama mbwa aliyefunguliwa.

Ya Bolamba alingoja ukimya ambao haukuja. Chini ya miguu yake mbao zilitetemeka tu, mfululizo, kama gari linalopita. Akaingia kwa kubahatisha. Alikuwa amechelewa, na magitaa yalikuwa yamekwisha kuhamia sehemu nyingine. Akaacha, akajaribu tena, safari hii mapema mno. Sauti yake safi ilitembea peke yake upande mmoja na bendi upande mwingine.

"Koko! Babu wee!" mtu akapiga kelele kutoka meza za mbele. "Nenda nyumbani, pondu inapoa!"

Kicheko kikaenda meza hadi meza. Mzee aligeuka akamtazama Dikizeko, bila hasira. Alimtazama kama mtu anayeuliza saa.

Hapo Dikizeko bado angeweza. Mapigo manne ya kunyamaza, pigo moja, na mzee angeingia, na watu wangesahau. Alijua hivyo wakati ule ule, siyo baadaye. Kamera ilikuwa mita moja kutoka usoni pake. Akarusha kijiti cha pili.

Rais alichukua ubeti mwenyewe, akauacha njiani, akaita sebene, sehemu ya magitaa na kucheza, kabla ya wakati. Watu wote wakainuka. Maikrofoni ya Ya Bolamba ilikuwa imezimwa, lakini midomo yake iliendelea kidogo, kisha ikaacha. Akakunja kitambaa chake vizuri, akakirudisha mfukoni, akashuka. Mwanamke mmoja mwenye dhahabu shingoni alipanda jukwaani akicheza, akabandika noti kwenye paji la Dikizeko lenye jasho. Kwa miaka ishirini na sita walikuwa wakibandikiwa waimbaji na magitaa. Yeye hakuwahi.

"Kiti ni chako!" Rais alimpigia kelele sikioni. "Mwanaharamu wewe, ulikuwa umekificha wapi kitu hiki?"

Saa kumi na moja vyombo vilikuwa vinafungwa. Plamedi alikuja kumpa mkono, akisema "Ya Diki, heshima," na alikuwa anamaanisha, na hilo lilikuwa gumu kulimeza kuliko matusi. Kijana akaenda kutafuta bia. Dikizeko akabaki kwenye kiti, akilegeza skrubu za toazi. Alipoinua kichwa, Ya Bolamba alikuwa amesimama mbele yake, viatu mkononi, soksi zimetoboka vidoleni.

"Diki," mzee akasema, kwa sauti kubwa kidogo kama kawaida yake. "Leo sikukupata kabisa. Ubeti wa kwanza nilikupata. Wa pili, hakuna kitu, mchanganyiko tu. Nadhani miguu nayo imefuata masikio."

Dikizeko akazidi kulegeza skrubu ile ile.

"Nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya televisheni."

"Ya, hapana." Alitamka polepole ili mzee asome midomo. "Hapana."

"Usinipake mafuta. Tulikubaliana." Mzee akapanda mahali pake, hatua moja kutoka ngoma kubwa, akatandaza nyayo zake juu ya mbao. "Ila nataka kuwa na hakika kabla sijamwambia Mbuyamba. Nipigie. Kama siku zote, nne za kimya, halafu moja. Nikiipata, basi leo nilikuwa nimechoka tu, na Ijumaa nitakuja mazoezini. Nisipoipata, nimekwisha."

Akafumba macho, asidanganywe na kuona.

Pedali ilikuwa bado mahali pake. Dikizeko aliweka mguu. Akipiga, mzee ataipata, mbao zilikuwa nzima na miguu ilikuwa nzima. Ataipata na atafungua macho, na atajua kwamba ubeti wa pili hakukuwa na ugonjwa wowote. Hatahitaji kuuliza aliyefanya. Na Ijumaa atakuja mazoezini na nyayo zake, akingoja nafasi, na Plamedi atakuwa ameegemea ukuta.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kinshasa nzima hakukuwa na mguu mwingine wenye uwezo ule. Alikanyaga taratibu mno hivi kwamba nyundo ya pedali iligusa ngozi ya ngoma kama ncha ya kidole inavyogusa kope la mtoto aliyelala. Mbao hazikupata habari.

Mzee alingoja. Uso wake ulikuwa umeinuka kidogo, kama wa mtu anayenyunyiziwa mvua.

"Umepiga?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

Dikizeko alimgusa bega ili afungue macho, asome midomo.

"Nimepiga, Ya."

Ya Bolamba akatikisa kichwa mara mbili. Akainama kuvaa viatu vyake, akashindwa na kamba, na Dikizeko akashuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye mbao, akamfungia.