Printa Iliyokataa Wino wa Idalmis

Dada yangu Idalmis huchapisha picha za wasichana wanaotimiza miaka kumi na tano, na mtaa wetu hapa Santa Clara, Kuba, unamtegemea. Wino huujaza mwenyewe kwa bomba la sindano, kama kila mtu hapa. Printa yake hakuwahi kuiunganisha na intaneti, mpaka binamu yetu Osniel alipokuja kututembelea kutoka Tampa, Marekani. Asubuhi moja akaiunganisha, eti anamsaidia. Taa nyekundu ikawaka, printa ikaandika kwamba wino ule si halali.

"Jana ulikuwa halali," nikasema. "Leo nani kaiambia?"

"Imejisasisha tu, binamu. Ni kwa usalama wenu."

"Usalama wa nani? Printa tumenunua sisi!"

Osniel akacheka. "Wewe unashuku hata feni."

"Feni haijawahi kuniuliza umeme nimeutoa wapi."

Idalmis hakucheka. Sherehe ya miaka kumi na tano ya binti wa jirani yetu Migdalia ilikuwa jioni ile, na hakuna picha hata moja iliyokuwa tayari. Akamwita Yoandri, yule anayepita kila wiki nyumba kwa nyumba na diski iliyojaa filamu na programu, akiwanakilia watu. Yoandri akatafuta, akapata programu ya zamani ya printa ile, akairudisha. Picha ya kwanza ikatoka.

Osniel akasogea aione.

"Simama hapo hapo, binamu!" Idalmis akamzuia. "Wewe niletee mkasi."

Akaifungua printa mgongoni, akakata waya wa antena ya intaneti.