Ubongo wa Jioni wa Baba Irine

Beatha wa Mhezi alisaini karatasi ya kurasa tisa bila kusoma hata moja, kwa sababu wazazi wenzake wote kwenye kikao cha shule walikuwa wanasaini na chai ilikuwa inapoa. Karatasi yenyewe ilihusu mkanda wa kuvaa kichwani. Mwanafunzi anauvaa akijisomea, mkanda unapima ubongo wake na kupeleka taarifa kwa wenye mradi: huyu yuko makini, huyu mawazo yanazurura. Ni majaribio, walisema, na ni bure.

Irine, binti yake wa kidato cha pili, akaja nao likizo. Kila asubuhi alijisomea nao, akimaliza anautundika kwenye msumari.

Sasa Mhezi, kijiji cha milimani, ni baridi, ukungu unaingia mpaka jikoni, na ule mkanda ulikuwa mpana, laini, unaziba masikio yote mawili. Zephania, baba Irine, aliutazama siku tatu. Siku ya nne akauvaa, akavuta kofia juu yake, akaenda zake, na ikawa hivyo kila siku. Beatha alimwona, akanyamaza. Kitu kizuri hivyo kining'inie tu ukutani? Mama unayesoma haya, usicheke. Hata wewe ungenyamaza.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Magreth, mkuu wa shule, akamwita Beatha ashuke shuleni, mjini Same.

"Mama Irine, ripoti inasema asubuhi binti yako ana akili kama wembe. Lakini ikifika saa kumi na moja jioni, ubongo unalegea. Saa moja ni kama mtu anayetembea usingizini. Wenye mradi wanashauri asiingie sayansi. Majina ya sayansi naandika Ijumaa."

Tangu darasa la tatu Irine anasema atakuwa daktari. Kisha Beatha akakumbuka ile saa. Saa kumi na moja Zephania huaga kwamba anakwenda zamu ya maji bwawani, na bwawa lenyewe liko njia moja na kwa Sifael, anayeuza dengelua, pombe ya miwa. Na Zephania ni mzee wa kanisa. Pasaka alisimama mbele ya usharika akasema pombe ameiacha.

"Mwalimu, huo ubongo wa jioni si wa Irine."

"Ni wa nani?"

"Wa baba yake."

Mwalimu Magreth akavua miwani. "Siwezi kubadilisha ripoti mimi. Nenda kwa Sylvester, kijana wa mradi."

Sylvester alimpokea vizuri. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Futa."

"Siwezi, mama. Mimi nagawa mikanda tu. Kampuni iko nchi moja, kumbukumbu zinatunzwa nchi ya pili, wanaozichambua wako nchi ya tatu. Kila nchi na sheria yake."

"Na Tanzania?"

"Tanzania ndiko kiliko kichwa."

"Kumbe sisi tumechangia kichwa tu!"

Sylvester akapiga simu. Nchi ya kwanza ikasema waulizwe wa pili, wa pili wakasema waulizwe wa kwanza. Akaeleza tena, taratibu, habari za mzee na mkanda. Huko zikazuka kelele.

"Wanauliza, mzee alisaini?"

"Asaini nini? Alikuwa anakinga baridi."

"Basi wamechanganyikiwa, mama. Kupima ubongo wa mtu bila ridhaa yake kwao ni kosa kubwa. Wanafuta leo leo. Ila aandike kwamba ni yeye, aeleze kwa nini ubongo ulikuwa vile, na kiongozi wa dini atie sahihi kama shahidi."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Usiku Zephania alikaa na karatasi tupu.

"Andika malaria," akamwambia Beatha.

"Malaria ya saa kumi na moja kila siku?"

"Uchovu, basi."

"Uchovu unaoanzia kwa Sifael?"

"Mama Irine, kwani masomo ni sayansi peke yake?"

"Sawa. Simu hii hapa. Mpigie mwalimu, amwite mtoto, umwambie hatakuwa daktari kwa sababu masikio yako yaliona baridi."

Zephania aliitazama simu, hakuigusa. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: UBONGO WA JIONI NI WANGU. NI DENGELUA.

Alfajiri akavaa koti la ibada, akaenda kwa Mchungaji Kaanaeli. Beatha akamfuata nyuma, asije akapotelea bwawani. Mchungaji alisoma, akarudia kusoma.

"Mzee Zephania, yaani nchi tatu zimejua kabla ya mchungaji wako?"

"Nimekosa, Mchungaji. Ila kwanza nitilie sahihi. Kesho ni Ijumaa."

Mchungaji akatia sahihi, na muhuri, kisha akamwambia hiyo nafasi ya uzee wa kanisa aiweke pembeni kwanza.

Ijumaa jina la Irine liliandikwa sayansi. Nchi mbili zimejibu kwamba zimefuta. Ya tatu haijajibu mpaka leo, na Beatha kila Jumatatu anampigia Sylvester kuuliza huko jioni za mume wake zimewekwa kabati gani, na ufunguo anao nani.