Ukurasa Usiopita Kinywani

Kituo cha wasioona kilichokuwa juu ya kilima cha Kadutu kilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, walimu watatu, na mashine moja iliyonyamaza kwa miaka kumi na saba. Ilikuwa mashine ya kuchapa nukta nundu kwenye karatasi nene, nzito hata wanaume wawili waliibeba kwa kuguna. Masista walioileta kutoka Ulaya waliileta na kompyuta yake, na kompyuta hiyo iliungua siku moja umeme ulipokatika, kisha ukarudi na hasira zake. Tangu hapo mashine ikageuka meza. Waliiwekea ndoo, wakaiwekea mabunda ya nguo, na mwaka mmoja waliitandikia nyasi wakapanga juu yake pango la Noeli, pamoja na punda wake.

Maman Françoise peke yake hakuwahi kuiita meza. Alikuwa mwalimu wa kusoma, mwenye miaka hamsini na minane, na hakuona tangu surua ilipompitia akiwa mtoto. Kila asubuhi akipita alikipiga kifuniko chake kofi dogo, kama mtu anayemsalimu ng'ombe.

Mtu asidhani alikuwa amekosa vitabu. Mashine enzi zake ilichapa sala na masomo ya darasa tu; vitabu alikuwa navyo, na vyote alivitoboa kwa mkono wake, nukta kwa nukta, kwa poinçon, kile kijisumari chenye mpini wa mbao. Lakini ili atoboe, sharti mtu amsomee. Msomaji wake alikuwa Rosette, mdogo wake, mwanamke mwema asiyeweza kukaa na kitabu bila kazi nyingine mapajani. Alisoma huku anachambua majani ya sombe. Palipomchosha aliruka, palipomtia haya alikohoa. Mara moja Françoise alikuja kugundua, miaka mitatu baada ya kukimaliza kitabu, kwamba bibi wa hadithi ile alikufa ukurasa wa arobaini. Rosette alimwonea huruma akamwacha hai hadi mwisho, akimpa na maneno ya kusema.

Walicheka sana siku ile. Ila usiku wake Françoise hakulala vizuri. Alipekua kichwani vitabu vyote alivyokuwa navyo, akaona hakuna hata ukurasa mmoja uliomfikia bila kupita kwanza kinywani mwa mtu. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa uchungu, kwa sababu kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba na ncha za vidole kufa ganzi. Alitaka kusoma jambo ambalo hakuna aliyemsomea.

Sasa mkurugenzi, Papa Barthélemy, alihitaji chumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mipango. Cherehani sita zilikuwa njiani, na wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameahidi kuja Jumamosi saa tisa kuichukua mashine.

"Maman Françoise, siku hizi simu inasoma kila kitu," alimwambia. "Unaiweka tu ku sikio, inakusomea. Ile chuma iko ya nini tena?"

"Simu nayo iko kinywa, Directeur. Miye nataka kusoma. Hapana kusomewa."

"Si ni kitu kimoja?"

Françoise alimwomba muda tu hadi Jumamosi hiyo, pamoja na laptopu mpya ambayo ofisi ilikuwa imepewa na wafadhili. Mkurugenzi akakubali, maana alikuwa na hakika kwamba maiti hafufuki.

Ndipo alipoitwa Gracien. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake sokoni Nyawera, kati ya muuza viatu na muuza betri, na alijisifu kwamba hakuna mashine iliyowahi kumshinda ila ile iliyoibwa kabla hajaifikia. Alipanda kilima Alhamisi asubuhi na begi mgongoni, akafika anahema, akaitazama mashine, akapiga mluzi.

"Maman, hii imenizidi miaka!"

"Basi uisalimie kwa heshima."

Françoise alimpa disketi mbili alizozitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Humo ndimo ilimokuwa programu ya zamani, inayogeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta. Gracien alizisoma kwa kifaa alichokuja nacho, akaiwasha programu kwenye laptopu mpya, na laptopu ikaikataa. Akajaribu tena, ikakataa tena. Françoise aliisikia ikilia kila mara, mlio mfupi wenye dharau.

"Inasema nini?"

"Inasema haimujue huyu muzee. Luga yao si moja." Gracien aliandika upesi. "Ntaidanganya. Ndani ya hii machine ya leo ntajenga machine ingine, ya zamani, ya uongo. Programu itaingia mule, itajikuta iko kwao."

Saa nzima alijenga nyumba hiyo isiyo na matofali, huku Françoise ameketi karibu, mikono magotini, akijaribu kuelewa kompyuta inawezaje kubeba tumboni kompyuta iliyokwisha kufa. Kisha Gracien akacheka peke yake.

"Imefunguka! Imeniuliza leo ni tarehe ngapi. Inafikiri tuko bado nonante-six."

Mwaka ule wa tisini na sita Françoise alikuwa na mikono mizima na mama yake alikuwa hai. Kwamba mahali fulani ndani ya kile kibao chembamba mwaka ule ulikuwa unaendelea, na programu imeketi humo ikingoja kazi bila kujua lililotokea duniani, lilikuwa jambo la kustaajabisha. Hata hofu kidogo aliisikia.

Lakini programu kuamka si mashine kuamka. Mdomo wa mashine, pale waya unapochomekwa, ulikuwa mpana, wenye matundu ishirini na matano, na laptopu haikuwa na mdomo wa namna ile kabisa. Ijumaa nzima Gracien alishinda Nyawera akikata nyaya mbili za zamani na kuziunganisha na kiunganishi kipya, uzi kwa uzi, akizilehemu kwa mkono. Jumamosi saa nne alirudi na waya wake, akamshikisha Maman Françoise aupapase.

"Kazi ya fundi," alisema, bila haya yoyote.

Karatasi nene zilizosalia zilikuwa thelathini na moja. Gracien akabonyeza, na mashine ikapiga. Ee Mungu, ilipiga! Trrrak, trrrak, sakafu ikatetemeka, na Françoise akashika moyo wake. Halafu, baada ya mstari mmoja tu, karatasi ikatemwa nje. Ikaingia nyingine, mstari mmoja, ikatemwa. Kabla Gracien hajafikia kitufe cha kuzima, karatasi kumi na moja zilikuwa sakafuni.

Françoise akaokota moja, akapitisha kidole. Nukta zilikuwa nzuri, kali, zimesimama kama upele wa jana. Ila maneno hayakuwa maneno. Hayakuwa Kiswahili, hayakuwa Kifaransa, hayakuwa hata Mashi.

"Iko inasema nini?" Gracien aliuliza, maana yeye hakujua kusoma nukta hata moja.

"Haisemi kitu. Iko inaota."

Gracien akabadilisha hili, akabadilisha lile ndani ya programu. Karatasi sita zikaenda, zikaja na upuuzi uleule. Mbili nyingine zikaenda. Ilipofika saa saba Gracien alikaa chini, akapangusa uso kwa shati.

"Maman, unisamehe. Ni kichwa ya mashini imekufa. Inapiga, lakini akili haiko."

Françoise aliisikia huruma katika sauti yake, na huruma hiyo ikamkera kuliko habari yenyewe. Miaka thelathini na miwili alikuwa amefundisha kusoma. Watoto wangapi waliletwa kwake wakiambiwa hawana akili? Na mtoto wa namna hiyo, alipofika darasani, hakumpa hadithi ndefu. Alimrudisha mwanzo.

"Umeipa maneno mingi sana," alisema. "Uipe abécédaire. A, B, C, mupaka Z. Kama mutoto wa première, darasa ya kwanza."

"Itasaidia nini?"

"Miye ni mwalimu. Andika."

Mashine ikapiga mstari mmoja, ikatema karatasi. Françoise akaiweka juu ya meza, akaisoma polepole, akairudia. Mwanzoni palikuwa na nukta moja isiyo na maana. Halafu B. Halafu B tena. D, na D tena. F, F. H, H. Kidole kikaanza kukimbia. J mbili, L mbili, N mbili, mpaka mwisho kabisa, ambapo Z ilisimama peke yake.

"Gracien," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Iko inazaa mapasa."

"Mapasa? Mbili mbili?"

"B inatoka B. Lakini C nayo inatoka B. D inatoka D, na E inatoka D. Kila herufi ya pili iko salama. Ile ya katikati inarudi nyuma hatua moja. Mara zote. Haikosei hata mara moja."

Gracien alisikika akihesabu kwa mnong'ono, kisha akapiga paja kofi la nguvu.

"Maman! Herufi zinasafiri kama namba. Ku hii waya kuna nyuzi munane za kubeba namba, kila uzi unasema ndiyo ao hapana. Uzi ya kwanza kazi yake ni kuongeza moja, basi. Ikikufa, tatu inakuwa mbili. Tano inakuwa ine. C iko ya tatu, unaona? Inakuwa B!"

"Na karatasi? Juu ya sababu gani inazitupa?"

Gracien alitoa pumzi kwa namna ambayo Françoise alikuwa ameisikia kanisani tu.

"Alama ya kurudi mwanzo wa mustari iko treize, kumi na tatu," alisema polepole. "Treize, ukitoa moja, iko douze, kumi na mbili. Na douze maana yake… tupa karatasi."

Nje wanawake wa sokoni walipita wakibishana, pikipiki ilipanda kilima ikilalama, na humo chumbani Françoise alihisi machozi yanamshuka, asijisumbue kuyafuta. Mashine haikuwa imerukwa na akili. Tangu asubuhi ilikuwa inatii kila neno ililoambiwa, na ilipoambiwa itupe karatasi ilitupa. Kilichokosekana ni moja tu, moja ndogo, na moja hiyo ilitosha kuivuruga dunia yote kwa utaratibu usiokosea. Alistaajabu kwamba hata makosa yalikuwa na sheria, na kwamba kidole chake chenye ganzi ndicho kilichoiona.

Gracien alikuwa amekwisha kufungua kichwa cha waya wake. Alichungulia, akaguna.

"Ni miye," alisema mwishowe. "Uzi ya kwanza sikuilehemu muzuri. Imeachia, imelala ku chuma. Nimesingizia mashini, kumbe ni mukono yangu."

"Mukono iliyovunja ni hiyohiyo itatengeneza. Fanya upesi, saa tisa inafika."

Saa tisa ilifika kabla hajamaliza. Mlangoni walisimama Papa Barthélemy na wabebaji wawili wenye kamba mabegani, na harufu ya risasi iliyoyeyuka ilikuwa imejaa chumba.

"Maman Françoise," mkurugenzi alianza, kwa upole wa mtu anayekuja kuchukua maiti, "tulisema Jumamosi."

"Na leo iko Jumamosi, Directeur. Ingia." Akamgeukia Gracien. "Ndani ya laptopu muko nini cha kusoma?"

"Wafadhili wameacha dossier moja ya hadisi. Ziko nyingi."

"Chagua moja bila kuangalia. Usisome hata kichwa yake. Bonyeza, halafu ufunike kioo ya laptopu."

Gracien akafumba macho, akabonyeza, akafunika kioo cha laptopu. Mashine ikapiga mstari wa kwanza. Ikapiga wa pili kwenye karatasi ileile, na wa tatu. Ikaendelea, mistari ikifuatana, kishindo chake kikijaa kifuani mwa kila aliyekuwamo, hata wabebaji wakarudi nyuma hatua. Ukurasa ulipojaa hadi chini, ndipo ukatoka, bila haraka.

Akauchukua. Ulikuwa bado na joto. Akaukalisha juu ya magoti, akaweka vidole viwili kwenye pembe ya juu.

Kulikuwa na mwanamke na mbuzi wake kwenye daraja la kamba, na mbuzi amekataa kuvuka. Mwanamke alimbembeleza mbuzi, kisha akamtukana, na tusi lenyewe lilikuwa tusi hasa. Hakuna aliyekohoa hapo. Françoise akacheka kwa sauti. Kidole kikashuka. Mwanamke alimwacha mbuzi, akavuka peke yake, na alipofika katikati akasikia kamba moja inakatika. Françoise akaacha kucheka. Hakujua kama mwanamke yule atapona. Hakuna mtu chumbani humo aliyejua, wala hakuna aliyeweza kumficha. Alikuwa peke yake naye pale darajani, peke yake kabisa, na utamu wa upweke huo ulimjaa.

Papa Barthélemy alikuwa amemwona akicheka na amemwona akikunja uso. Alisogea, akautazama ukurasa mweupe usio na wino, akamtazama Gracien, ambaye alitikisa kichwa. Hata yeye hakujua. Wabebaji walishusha kamba zao.

"Inasema nini?" mkurugenzi aliuliza.

Françoise aliinua mkono mmoja kumnyamazisha. Ule mwingine haukuondoka kwenye mstari.

"Ungojee, Directeur," alisema. "Nikimaliza ntakusomea."

Papa Barthélemy akavuta kiti, akakaa, akangoja.