Msimulizi wa Ngazini

"Mwalimu, huyo mtu wako amenichosha," alisema fundi cherehani mlangoni kwa jirani yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Leo ameitangazia ngazi nzima kwamba gauni la bibi harusi nimelibana kiuno kwa makusudi."

"Si wangu, katoka kitabuni," alijibu Mwalimu Mkuu. "Na kiuno umekibana kweli, shoga yangu."

Hilo halikuwa na ubishi. Msimulizi alitoka katika kitabu cha watoto kisicho na jalada, jioni moja Binti, msichana aliyeishi kwa Mwalimu, alipokuwa akikisoma kwa sauti huku sufuria zikilowa. Alikuwa mwembamba kama fagio, na uso wa mtu anayerudi mazikoni. Tangu hapo alikaa ngazini akisimulia kila kilichopita, akimwita kila mtu mtoto, hata mlinzi mwenye wajukuu. Wapangaji walimzoea upesi. Umbea waliujua, huyu aliongeza huzuni tu.

Sasa alikohoa.

"Poleni, watoto," alianza, sauti ikipanda ghorofa zote. "Binti aliletwa na shangazi yake ili asome. Shangazi ni mkuu wa shule. Sare imetundikwa msumarini jikoni. Kila mwaka fundi huishusha pindo, maana mtoto anarefuka, lakini sare haijatoka nje hata kununua chumvi."

Milango ilifunguka. Majirani walitoka na miiko yao, wakakubaliana kwamba ni kweli, na kwamba si adabu kuyasema wakati wa kula. Binti alisimama nyuma ya shangazi yake na kitambaa cha vyombo, akingoja mtu aseme neno.

Fundi ndiye aliyesema. "Pindo limekwisha, Mwalimu. Mwaka huu hakuna cha kushusha."

Mwalimu alifikiri kidogo.

"Basi mshonee nyingine," alisema. "Kubwa zaidi."

Majirani wakaguna kwa kuridhika. Jambo limepatiwa ufumbuzi. Lakini msimulizi alikuwa anavuta pumzi tena, na Mwalimu hakuongoza shule miaka yote hiyo bila kujua kwamba mwenye tonge mdomoni hasimulii.

"Karibu ndani, kaka yangu. Nawe fundi, pita. Chakula kimeiva."

Msimulizi alimtazama Binti, kisha akainama kuvua viatu.

"Poleni, watoto," alisema. "Msimulizi naye alikuwa na njaa."

"Binti," aliita Mwalimu, "ongeza sahani mbili."